MWANA KUPONA BINTI MSHAM: MAMA ALIYEACHA WOSIA WA UTENZI

Maisha yake
Mwana Kupona binti Msham alizaliwa kisiwani Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya, takriban mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana kwa miaka mingi na majeshi ya Sultani wa Zanzibar, Seyyid Said. Walijaliwa binti, Mwana Hashima, na mtoto wa kiume, Muhammad. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwana Kupona alibaki mjane, naye akaanza kuugua.

Kutungwa kwa utenzi
Mwaka 1858 ugonjwa ulikuwa umemlemea. Mwana Hashima alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, hana baba, na mama alijua kuwa huenda asiwepo kumwongoza. Ndipo alipomwita binti yake asogee na karatasi na wino, akamtungia utenzi wa beti zaidi ya 100 kwa lahaja ya Kiamu. Alifariki takriban mwaka 1860.

Yaliyomo
Mama anamhimiza binti ashike dini, awe mkweli na mwenye adabu, na atafute radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anaeleza pia jinsi alivyoishi na mumewe bila ugomvi. Mwishoni anawaombea watoto wake na kujiombea afya.

Mjadala
Wahakiki wengi huona kuwa utenzi unamfundisha mwanamke kumtii mume kupita kiasi. Hoja hiyo ina uzito, kwani sehemu kubwa ya usia inahusu kumridhisha mume. Hata hivyo, mtahiniwa asiishie hapo. Mtunzi alikuwa mama mgonjwa aliyetaka kumwachia binti yatima ngao katika jamii ambamo usalama wa mwanamke ulitegemea ndoa. Tena, katika zama za watunzi wengi wanaume, yeye aliishika kalamu na kuonesha elimu yake.

Athari zake
Mwana Hashima aliuhifadhi usia huo na kuishi hadi karne ya 20. Wanawake wa Lamu na Pate waliunakili na kuusoma kwa mabinti zao. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walitoa chapa yake yenye tafsiri ya Kiingereza. Maneno aliyokusudiwa mtoto mmoja yamekuwa mali ya Waswahili wote.

Zingatia: Kila ubeti una mishororo minne yenye mizani nane. Vina vya mishororo mitatu ya kwanza hufanana. Mshororo wa nne hubeba kina cha bahari, "ya".

Maswali ya kujipima
1. Taja radhi tano zinazotajwa katika utenzi.
2. "Mwana Kupona ni mkandamizaji wa wanawake." Jadili kwa hoja nne.
3. Wazigua wa Handeni, wakiwemo wa Mkata, kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Linganisha nafasi ya mama katika jamii hiyo na ile inayojitokeza katika utenzi.