HARRIET POWERS: MAMA ALIYESHONA NYOTA

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kimenipa ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri. Najua wengi mlitarajia nimlete rais au mwanariadha. Mimi nimemchagua mama mkulima aliyezaliwa mtumwa, akafa maskini, na ambaye leo anajulikana kwa sababu ya matandiko mawili tu ya kitanda. Usicheke kwanza. Soma hadi tamati, kisha ucheke ukiweza.

Nilikutana naye katika somo la Sayansi Kimu. Mwalimu wetu alitaka kila mwanafunzi ashone kipande cha mfarishi, yaani lile tandiko la viraka vilivyounganishwa, likatiwa pamba katikati na kitambaa kingine chini, kisha likashonwa lote pamoja. Alitueleza kuwa mchoro utakuwa nyota, lakini nyota gani, kila mtu achague mwenyewe. Basi akachora tatu ubaoni. Ya kwanza ilikuwa ya miraba tisa, mitatu kwa mitatu. Katikati na pembeni miraba mizima, na ile minne iliyobaki imegawanywa pembetatu. Ya pili ilikuwa mraba mmoja mkubwa uliozungukwa na pembetatu kama meno ya msumeno. Ya tatu ilikuwa nyota ya ncha nane iliyoundwa kwa vipande vinane vya umbo la almasi, kama ile alama nyekundu ya kwenye karata. Mwalimu alionya kwamba anayeanza aende na ya kwanza.

Mimi nikachagua ya tatu. Tamaa mbele, mauti nyuma! Kumbe kitambaa kikikatwa mshazari huvutika kama ulimbo, na vipande vya almasi vina kingo za mshazari. Tena mishono minane yote inakutana pahali pamoja katikati. Ukikosea kidogo kidogo kila mshono, makosa yote yanarundikana hapo. Yangu ilifura katikati kama andazi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikaapa kuwa somo hilo nitaliacha.

Mwalimu hakunigombeza. Alinifungulia kitabu chenye picha ya mfarishi wa zamani. Nikaona watu, wanyama, mikono na nyota zimetapakaa kila mahali. Nyota zenyewe hazikulingana, nyingine zilikuwa nene na nyingine nyembamba, na ncha zake zilielekea zilikotaka. Nikauliza, kwa ujeuri kidogo, huyu alipewa alama ngapi. Mwalimu akanijibu kuwa kazi za huyo mama zimehifadhiwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya Marekani. Nikanywea kama kuku aliyenyeshewa. Tangu siku hiyo nikaanza kumtafuta Harriet Powers.

Harriet alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 karibu na mji wa Athens, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mtumwa. Msomaji, tunalitaja neno hilo haraka haraka katika somo la Historia, lakini hebu litafakari. Alikuwa mali ya mtu, kama jembe au ng'ombe. Georgia ilikuwa nchi ya pamba, na watumwa ndio waliopanda pamba hiyo, wakaichuma na kuisafirisha. Sheria za jimbo hilo zilikataza watumwa wasifundishwe kusoma wala kuandika. Lakini kushona waliruhusiwa, maana mabwana walihitaji nguo na matandiko.

Mwaka wa 1855, akiwa na umri wa miaka kama kumi na minane, aliolewa na Armstead Powers. Walijaliwa watoto wasiopungua tisa, ingawa baadhi yao walifariki wakiwa wadogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka wa 1865, utumwa ukafutwa. Harriet na mumewe wakawa huru, lakini uhuru usio na ardhi ni njaa yenye jina zuri. Wakajibana, wakalima, wakafuga, na kufikia miaka ya 1880 walikuwa na shamba lao la ekari nne. Kwa watu waliowahi kuwa mali ya wengine, ekari nne zilikuwa ufalme.

Huko shambani ndiko alikoshona. Mwaka wa 1872 alishona mfarishi wenye vipande zaidi ya 4,000 vya umbo la almasi. Ndiyo, msomaji, almasi zile zile nane zilizonitoa machozi mimi! Alishona pia mfarishi wa nyota, akaupeleka kwenye maonyesho ya watu weusi mjini Athens. Kwa hivyo asije mtu akadhani kwamba zile nyota zake zilizopinda zilitokana na kutojua kazi. Alijua kazi. Baadaye aliamua kufanya jambo jingine, yaani kusimulia hadithi kwa kitambaa.

Namna yake ilikuwa hii. Alikata umbo la mtu, la mnyama au la nyota, akaliweka juu ya kitambaa kikubwa na kulishonea hapo, kwa mkono na kwa cherehani pia. Wataalamu wameona kuwa kazi yake inafanana na ile ya mafundi wa Dahomey ya kale, nchi ambayo siku hizi ni sehemu ya Benin, Afrika Magharibi. Nao hukata maumbo ya wanyama na watu na kuyashonea juu ya kitambaa kusimulia habari za wafalme wao.

Mfarishi wake wa kwanza uliobaki mpaka leo unaitwa Mfarishi wa Biblia. Una picha 11. Yumo Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimuua Abeli, Yakobo akiota ndoto, Yuda na vipande vyake thelathini vya fedha, na Shetani katikati ya nyota saba. Picha ya mwisho ni ya Yusufu, Maria na mtoto, na juu yao nyota ya Bethlehemu. Mwaka wa 1886 aliupeleka kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens.

Hapo ndipo alipouona mwalimu mmoja mzungu wa sanaa, Jennie Smith. Alishikwa na butwaa. Akamtafuta Harriet hadi akampata shambani, akataka kuununua. Harriet alikataa katakata. Hakukuwa na bei ya kumfanya auachilie. Jennie Smith akaondoka mikono mitupu, ila hakumsahau.

Miaka ikapita, mambo yakaharibika. Familia ilipatwa na dhiki. Harriet akapeleka habari kwa yule mwalimu kwamba sasa yuko tayari kuuza, lakini safari hiyo mwalimu ndiye aliyekuwa hana pesa. Mwaka uliofuata mwalimu akamwita. Harriet akaja na gari la kukokotwa na ng'ombe, mfarishi ameupakata, ameufunga ndani ya mfuko safi wa unga, na mfuko wenyewe ameutia ndani ya gunia. Aliitisha dola 10. Mwalimu akasema ana dola 5 tu. Harriet akaenda kushauriana na mumewe, na mumewe akamwambia kuwa kwa hali ilivyo ngumu, heri achukue hizo tano. Akarudi, akaupokeza.

Hapo nilipofika, msomaji, nilifunga kitabu kwa muda. Mama yangu ni fundi wa nguo sokoni. Nimemwona mara ngapi akitaja bei ya kazi ya siku mbili, mteja akaikata nusu, naye akakubali kwa kuwa jioni hiyo nyumbani hakuna unga! Huwa hasemi kitu. Anaikunja nguo polepole, anailaza vizuri ndani ya karatasi, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Nadhani Harriet naye aliukunja hivyo.

Lakini kabla ya kuondoka alifanya jambo la busara. Alimweleza Jennie Smith maana ya kila picha, moja baada ya moja, na mwalimu akaandika yote. Mwalimu naye akaahidi kumwekea vipande vya vitambaa vilivyobaki. Baadaye Harriet alirudi mara kadhaa kuutazama tu ule mfarishi wake, kama mama anayekwenda kumjulia hali mtoto aliyelelewa kwa watu.

Mwaka wa 1895 mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mjini Atlanta. Katika miaka hiyo hiyo Harriet alishona mwingine mkubwa wenye picha 15, na mwaka wa 1898 ulitolewa zawadi na wake wa walimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta. Humo alichanganya habari za Biblia na mambo yaliyotokea kweli Marekani. Kuna siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, ambapo jua lilifichika mchana kwa sababu ya moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua. Kuna baridi kali ya Februari 1895 iliyoua watu. Kuna hata nguruwe mmoja aliyesemekana kutoroka Georgia na kukimbia maili 500 hadi Virginia. Wengine husema nguruwe huyo si nguruwe bure, ni fumbo la watumwa waliotoroka. Nami nakubaliana nao.

Picha iliyonigusa zaidi ni ile ya usiku wa kuanguka kwa nyota. Tarehe 13 Novemba 1833, kabla ya mapambazuko, mbingu ya Marekani ilijaa vimondo kwa maelfu, vikishuka kama mvua ya moto. Siku hizi tunajua kwamba dunia ilikuwa ikipita katika vumbi lililoachwa na nyota mkia ambayo hulizunguka jua kila baada ya miaka kama 33. Wakati huo watu hawakujua. Walitoka nje wakilia, wakapiga magoti, wakidhani kiyama kimefika.

Sasa tazama tarehe vizuri. Nyota zilianguka 1833, Harriet alizaliwa 1837. Hakuziona! Alisimuliwa na wakubwa zake, nao hawakuwa na kitabu cha kuandikia, basi akaihifadhi hadithi ile kichwani kwa zaidi ya miaka hamsini hadi alipoipata sindano ya kuiandikia. Katika picha hiyo akashona nyota, na watu walioingiwa na hofu, na mkono wa Mungu ukizizuia nyota zisiwaangamize. Nani angejali kama ncha zake zimelingana?

Maisha yake ya mwisho hayakuwa mepesi. Katika miaka ya 1890 shamba liliuzwa kipande kwa kipande, na mumewe akaondoka. Harriet aliendelea kuishi peke yake, akijitafutia riziki. Alifariki tarehe 1 Januari 1910 na kuzikwa mjini Athens. Kaburi lake lilisahaulika kabisa hadi jiwe lake lilipopatikana tena mwaka wa 2005.

Kwa miaka mingi vitabu vilisema hakujua kusoma wala kuandika. Kumbe! Mwaka wa 2009 mtafiti Kyra Hicks alichapisha habari za barua ya Harriet ya mwaka wa 1896. Humo Harriet anasimulia maisha yake na mifarishi yake, pamoja na ule wa nyota na ule wa almasi maelfu. Laiti si barua hiyo, tungeendelea kusoma hadithi yake nusu nusu. Somo hilo ni letu sisi wanachama wa chama hiki: andika mambo yako mwenyewe, usingoje wengine wakuandikie.

Leo Mfarishi wa Biblia umo katika jumba la makumbusho la historia ya taifa mjini Washington, na ule wa pili umo katika jumba la sanaa la Boston. Mingine yote aliyoishona haijulikani iliko. Kitu kilichouzwa dola 5 leo hakiuzwi hata kidogo. Lakini Harriet hakula hata senti ya heshima hiyo, na hilo linanikera mpaka sasa. Mgala muue na haki umpe. Na haki ya fundi hutolewa angali hai, si miaka mia baadaye.

Basi nilirudi darasani. Nilifumua lile andazi langu, nikachagua nyota ya kwanza, ile ya miraba tisa. Kingo zake za nje zimenyooka, na pembe chache tu zinahitaji kukutana sawasawa. Mama alinipa vipande vya masalio: kitenge cha bibi arusi mmoja, sare ya shule, na kipande cha leso kuukuu ya nyanya. Nikaweka leso katikati. Ncha mbili zimepinda kidogo, sikatai. Ila mtu akiniuliza nyota hii ni ya nini, ninalo la kumwambia.

Nawe unayetaka kuanza, usichague nyota ya kuwakoga wenzako. Chagua ile utakayoimaliza, na uijue hadithi yake. Nyota ya almasi itakungoja. Harriet hakuanza na vipande 4,000.

Naweka kalamu chini hapa. Wasalaam.