Karani wa Vibambani

Ni nani katika pwani yetu asiyelijua jina la marehemu Sheikh Shaaban Robert? Wengi humkumbuka kwa tenzi zake. Wachache hukumbuka kwamba mkono uleule ulikula mshahara wa serikali kwa zaidi ya miaka 30.

Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Baada ya masomo yake Dar es Salaam, mwaka 1926 aliandikwa karani wa forodha Pangani. Mwaka 1944 alihamia idara ya wanyama, 1946 ofisi ya wilaya Tanga, na tangu 1952 hadi 1960 ofisi ya upimaji ardhi.

Forodha, wilaya, ardhi: hizo ndizo meza ambazo mnyonge hufika akiwa na haja, na kalamu ya karani ikamfungulia mlango au ikamfungia. Marehemu aliyaona hayo kutoka upande wa ndani wa meza.

Mwaka 1951, naye angali mtumishi wa serikali ya kikoloni, kilitoka kitabu chake Kusadikika. Humo Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kuwafundisha watu sheria, na Karama anasimulia habari za wajumbe walioitumikia nchi kwa uaminifu wakalipwa kifungo. Kwa kisa hicho mwandishi alikemea dhuluma ya wenye vyeo, ilhali yeye mwenyewe alikuwa karani mdogo mwenye mabwana juu yake.

Kisa hicho hakiko mbali nasi. Huko Nairobi, wakazi wa Kibera na Kawangware huamkia ofisi ya chifu kutafuta barua au muhuri. Vijana wa Kinubi wa Kibera, Waislamu wenzetu ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, kwa miaka mingi walihojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Bila kitambulisho hapana kazi wala kura. Basi anayeketi nyuma ya meza ile ameshika riziki ya mtu, nayo ni amana atakayoulizwa mbele ya Mola wake.

Sheikh Shaaban alifariki Juni 1962, miezi sita baada ya uhuru wa Tanganyika. Hakupata cheo kikubwa kazini, lakini aliacha jina jema, na hilo karani yeyote anaweza kuliacha. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.