August Hermann Francke, Mhubiri Aliyeogopa Kuhubiri

Wengi wenu ni walimu wa dini, nanyi mwaijua kazi ya Jumamosi jioni: Biblia i wazi mezani, taa inawaka, na hotuba ya kesho haijapata mwanzo. Mara nyingine maneno hayaji kwa sababu ya uchovu tu. Mara nyingine sababu ni nzito zaidi. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyekutwa na hiyo sababu nzito, asikubali kuifunika.

August Hermann Francke alizaliwa mwaka 1663 katika mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mwanasheria, akaitwa Gotha kumtumikia mtawala Ernst, ambaye watu walimpa jina la Mcha Mungu. Lakini baba huyo akafa mwaka 1670, naye mtoto alikuwa na umri wa miaka 7. Alipokuwa bado mdogo alimwomba mama yake chumba chake peke yake, apate mahali pa kusoma na kusali. Mama akampa. Basi mtu angedhani ya kuwa mtoto wa namna hii njia yake imekwisha kunyoka mpaka mwisho.

Haikuwa hivyo. Alikwenda kusoma Erfurt, kisha Kiel, na baadaye Leipzig. Akajifunza Kiebrania kwa bidii kubwa, hata akalisoma Agano la Kale lote katika lugha hiyo mara kadhaa. Mwaka 1686 yeye na rafiki yake Paul Anton wakaanzisha huko Leipzig chama cha wanachuo cha kusoma Maandiko katika Kiebrania na Kiyunani. Watu wakamsifu. Lakini yeye mwenyewe aliandika baadaye ya kuwa katika miaka ile moyo wake ulitamani cheo, sifa na maisha ya raha, na elimu ya mambo ya Mungu aliishika kwa akili tu, kama mtu ashikavyo kazi itakayompa mkate. Mungu alikuwa somo lake. Hakuwa bado Bwana wake.

Mwaka 1687 akapelekwa Lüneburg ili azidi kujifunza kufafanua Maandiko. Alikuwa na miaka 24. Baada ya muda mfupi akaombwa ahubiri katika kanisa la Mtakatifu Yohana, akakubali. Akachagua maneno yaliyo karibu na mwisho wa Injili ya Yohana, katika sura ya 20, mahali Mwinjilisti anapoeleza kwamba ameyaandika hayo yote ili tumwamini Yesu kuwa ndiye Kristo, na kwa kuamini tupate uzima. Akakusudia kuwaonyesha watu tofauti iliyopo kati ya imani ya kweli, iliyo hai, na imani ambayo mtu hujidhania tu kuwa anayo.

Hata alipokuwa akiipanga hotuba hiyo, wazo likamjia la kwamba imani ile anayotaka kuidai kwa wengine, yeye mwenyewe hana. Akajaribu kuliondoa, lisiondoke. Akachukua Biblia, haikumsaidia. Akachukua vitabu vingine, navyo vivyo hivyo. Kisha shaka ikashuka mpaka chini kabisa. Alijiuliza kama Biblia ni Neno la Mungu kweli, kwa maana Waislamu wana Kurani yao na Wayahudi wana Talmud yao, na ni nani ajuaye aliye na haki? Mwisho hakuwa na hakika hata ya kuwa Mungu yupo. Akayatazama maisha yake yote kama mtu aliyesimama juu ya mnara mrefu akiutazama mji, anaweza kuzihesabu nyumba. Ndivyo alivyoziona dhambi zake, na shina lao lilikuwa kutokuamini.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Francke angaliweza kuhubiri hata hivyo. Elimu alikuwa nayo, na maneno ya hotuba nzuri alikuwa nayo, wala hakuna mtu katika kanisa lile ambaye angalitambua. Ni wangapi waliokwisha kufanya hivyo! Lakini yeye aliazimu ya kuwa kama hali yake haitageuka, atakwenda kuwaambia kwamba hawezi kuhubiri, maana hawezi kusimama akawadanganya watu juu ya jambo asilolijua moyoni. Twaona kwamba kumpenda Kristo kwa moyo wote kulianza kwake hapo, kabla hajapata faraja yoyote.

Jumapili jioni akapiga magoti, akamlilia yule Mungu ambaye hakuwa na hakika naye, amwokoe katika hali ile kama kweli yupo. Naye akasimulia ya kuwa alisikiwa pale pale alipokuwa amepiga magoti. Shaka ikaondoka kwa ghafula, kama mtu ageuzavyo kiganja cha mkono, na moyo wake ukajaa furaha. Alipiga magoti akiwa mtu mmoja, akainuka akiwa mwingine. Siku chache baadaye akahubiri hotuba ile ile, juu ya maneno yale yale.

Hatusemi ya kuwa kila Mkristo hana budi kupita njia hiyo. Wako waliobatizwa wakiwa wachanga, wakakua katika imani pasipo kuujua usiku wa namna ile, nao ni watoto wa Mungu vilevile. Francke na wafuasi wake wakati mwingine walisema kana kwamba kila mtu lazima awe na siku yake na saa yake, na hapo waliwatia wengine mzigo usio wa lazima. Lakini yeye alisimulia yaliyompata.

Tangu hapo hakupata utulivu mwingi kwa watu. Mwaka 1689 alifundisha Maandiko Leipzig, na watu wa mji wakaja pamoja na wanachuo, hata wakuu wakakasirika wakamzuia. Wafuasi wake wakaitwa Wapietisti kwa dhihaka. Mwaka 1690 akapata kazi ya uchungaji Erfurt. Huko nako watu wengi walikuja kumsikiliza, hata Wakatoliki, na adui wakaongezeka. Tarehe 27 Septemba 1691 serikali ikampa saa 48 awe ametoka mjini. Akaondoka. Saa hizo 48 twaomba mzikumbuke, tutazirudia.

Mwanzo wa mwaka 1692 akaja Glaucha, kijiji kilichokuwa karibu na ukuta wa mji wa Halle. Alikuwa mchungaji wa Glaucha na pia mwalimu wa lugha katika chuo kikuu kipya cha Halle. Kijiji kilikuwa kimeharibika: nyumba zake zilikuwa 200 hivi, na katika hizo 37 zilikuwa nyumba za pombe. Kila Alhamisi maskini walikuja mlangoni pa mchungaji kuomba mkate. Siku moja hakuwapa mkate mlangoni tu, bali aliwaita ndani, wakubwa upande mmoja na watoto upande wa pili, akawauliza watoto maswali ya Katekisimo ya Luther. Hawakujua karibu neno lolote. Akaona kwamba kumpa mtu mkate na kumwacha katika giza lile si upendo mtimilifu.

Akaweka sanduku la sadaka katika sebule yake. Karibu na Pasaka ya mwaka 1695 mtu mmoja akatia humo taleri 4 na groshi 16. Taleri 1 ilikuwa groshi 24. Francke alipozishika fedha hizo mkononi alifurahi, akasema kwamba hii ni akiba ya kutosha, na kwamba ataanzisha nayo shule ya maskini. Siku ile ile akaagiza vitabu vya taleri 2, akamwajiri mwanachuo maskini awafundishe watoto saa 2 kila siku kwa ujira wa groshi 6 kwa juma. Msomaji akipenda na afanye hesabu: taleri 2 nyingine zilitosha majuma 8, zikabaki groshi 16. Watoto wakapewa vitabu 27 waende navyo nyumbani. Vikarudi 4. Vingine walikuwa wameviuza, au hawakuonekana tena wao wala vitabu. Basi akazichukua zile groshi 16, akanunua vitabu vingine, akaamuru vibaki shuleni. Kwetu sisi habari hii ya vitabu 23 vilivyopotea ina thamani kuliko majumba makubwa yaliyokuja baadaye, maana mtu mwingine angalifunga shule.

Yaliyofuata twayapita upesi, kwa kuwa yameandikwa mahali pengi. Watoto wa wenye mali nao wakaletwa, yatima wakapokewa, tarehe 13 Julai 1698 likawekwa jiwe la msingi wa nyumba kubwa ya yatima, na nyumba hiyo ingali imesimama Halle mpaka leo. Mara nyingi fedha zilikwisha kabisa, mtunza hesabu akaja kuomba ya kuwalipa mafundi, Francke akaingia chumbani kusali, na msaada ukafika kwa posta au kwa mkono wa mtu. Lakini tusidhani kwamba alikaa akingoja tu. Nyumba ile ilikuwa na duka la dawa lililopeleka dawa nchi za mbali, na duka la vitabu ambalo Heinrich Julius Elers alilianza kwa kuuza hotuba moja ya Francke iliyopigwa chapa. Mwaka 1710 rafiki yake Canstein akaanzisha kazi ya kuchapa Biblia za bei ndogo: herufi zilizopangwa hazikuvunjwa baada ya kuchapa, bali ziliwekwa kwa ajili ya chapa zijazo, hivyo Agano Jipya likauzwa kwa groshi 2. Na Ziegenbalg na Plütschau, waliofika Tranquebar katika nchi ya Watamili mwaka 1706, walikuwa wanafunzi wa Halle. Kazi yao huko ndiyo iliyopokewa baadaye na Misioni ya Leipzig, ambayo mwaka 1893 ilianza kazi yake Kilimanjaro.

Sasa twazirudia zile saa 48. Katika chuo cha Halle alikuwako mwalimu wa falsafa, jina lake Christian Wolff. Mwaka 1721 alitoa hotuba akasema kwamba Wachina, ingawa hawakuwa na Maandiko, kwa akili zao walifikia mwenendo mwema. Wafuasi wa Francke, hasa mwalimu Joachim Lange, wakaona mafundisho yake ni hatari kwa imani, wakamshitaki. Mwezi wa Novemba 1723 mfalme Friedrich Wilhelm I akatoa amri ya kwamba Wolff atoke katika nchi yake kwa saa 48, na asipotoka atanyongwa. Francke aliliona jambo hilo kuwa ni jibu la maombi yake.

Hatuwezi kulificha neno hili kwa sababu tunampenda Francke. Twajiuliza kama usiku ule alikumbuka njia ya kutoka Erfurt. Mtu aweza kumpa Kristo mali yake, usingizi wake na jina lake, na bado kikabaki chumba kimoja moyoni ambamo humo hufurahia aibu ya adui. Shule zake nazo zilikuwa na ukali: watoto walichungwa mchana kutwa, na mchezo ulihesabiwa kuwa upuzi. Zinzendorf, aliyesomeshwa huko tangu mwaka 1710, alikumbuka mema ya shule ile na pia uchungu wake.

Wolff alirudishwa Halle mwaka 1740. Francke alikuwa amekwisha kufa.

Katika miaka ya mwisho aliugua. Mwezi wa Mei 1727 akachukuliwa mara ya mwisho mpaka kwenye nyumba ya yatima, katika bustani yake. Shule zake wakati huo zilikuwa na watoto zaidi ya 2,000. Hapo bustanini akasali kwa sauti muda mrefu. Akamshukuru Mungu kwa yale yaliyompata Lüneburg miaka 40 iliyopita, akawaombea watoto na wote watakaofanya kazi baada yake. Kisha wakamrudisha nyumbani. Akafa tarehe 8 Juni, akazikwa Halle.