Alexander Mackay

Alexander Murdoch Mackay (13 Oktoba 1849 – 8 Februari 1890) alikuwa mhandisi na mmisionari Mprotestanti kutoka Uskoti aliyefanya kazi katika ufalme wa Buganda na kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria, eneo ambalo leo ni sehemu ya Tanzania. Anakumbukwa kama mmoja wa waanzilishi wa Kanisa Anglikana nchini Uganda, na pia kama fundi aliyetengeneza mashine na vyombo vya majini mahali pasipokuwa na karakana wala vipuri.

Maisha ya awali

Mackay alizaliwa Rhynie, katika eneo la Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, naye alimfundisha mwenyewe nyumbani hadi alipofikia umri wa miaka 14. Mwaka 1867 aliingia chuo cha ualimu mjini Edinburgh, kisha akasomea uhandisi huku akijifunza kazi kwa vitendo katika karakana ya Leith. Mwaka 1873 alihamia Berlin, Ujerumani. Huko alianza kama mchoraji wa michoro ya mashine na baadaye akapewa uongozi wa idara ya injini za reli.

Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Henry Morton Stanley iliyoomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa I, hasa watu wanaojua kazi za mikono. Shirika la Church Missionary Society (CMS) liliitikia wito huo, na Mackay akakubaliwa kuwa mmoja wa kundi la kwanza. Alifika Zanzibar mwishoni mwa Mei 1876.

Barabara ya Mpwapwa

Safari ya kwanza ya kwenda bara ilikatizwa na ugonjwa, akarudishwa pwani. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa takriban kilomita 370, ili mizigo ivutwe kwa magari ya ng'ombe badala ya kubebwa na wapagazi. Mpango huo haukufaulu kwa sababu ng'ombe wengi walikufa njiani kutokana na mbung'o.

Kageye na boti ya Daisy

Desemba 1877 wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe kufuatia ugomvi kati ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Mackay alifika ziwani Juni 1878, katika kijiji cha Kageye ambacho leo kiko wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Stanley naye alikuwa amepiga kambi hapo mwaka 1875.

Huko alikuta mali ya msafara imerundikwa ovyo: vipande vya boila, mabomba, vitabu, herufi za kuchapia, vyombo vya upimaji na vipuri vya injini ya mvuke vilivyobebwa na wapagazi kutoka pwani. Alifanya kazi ya kupambanua na kuunganisha kwa siku kumi, kuanzia alfajiri hadi giza. Mwishoni injini ilisimama kamili hadi skrubu ya mwisho, na boila ikawa tayari kupigwa ribiti.

Baadaye alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akafanya suluhu na Lukonge. Kisha alitengeneza boti ya Daisy, ambayo mbao zake zilikuwa zimeharibika, akasafiri kuelekea Buganda pamoja na C. T. Wilson. Boti hiyo ilivunjwa na dhoruba kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa. Mbao za kuirekebisha hazikuwepo. Walikata sehemu ya katikati ya boti, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, wakaunganisha omo na tezi, na kutumia mbao za sehemu iliyokatwa kuziba palipovunjika. Kazi hiyo ilichukua wiki nane. Daisy ilielea tena, ikiwa fupi kuliko awali, na Mackay akafika kwa Mutesa Novemba 1878.

Buganda

Katika ikulu ya Mutesa Mackay alizungumza Kiswahili kwanza, kisha akajifunza Kiganda. Alifua vyuma, alichimba kisima na kuchonga herufi za mbao ili wanafunzi wapate karatasi za kusomea. Pia alitafsiri Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Mwaka 1882, mama wa Kabaka alipofariki, aliombwa kutengeneza majeneza makubwa ya mazishi. Mwaka 1883 alirudi kusini mwa ziwa kuunganisha boti mpya, Eleanor.

Ufundi ulimpa nafasi ikulu, lakini haukuwalinda wanafunzi wake. Mutesa alifariki mwaka 1884 na kurithiwa na mwanawe Mwanga II. Januari 1885 vijana watatu, Nuwa Serwanga, Marko Kakumba na Yusufu Lugalama, waliuawa baada ya kukamatwa wakati Mackay akielekea ziwani. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga, na mwaka 1886 Wakristo wengi wakauawa Namugongo. Mackay alibaki hai, kwa kiasi fulani kwa sababu Mwanga alihitaji kazi ya mikono yake.

Usambiro na kifo

Julai 1887 alilazimika kuondoka Buganda. Alianzisha kituo Usambiro, kusini mwa ziwa. Mwanga mwenyewe alipopinduliwa Septemba 1888 alikimbilia upande huohuo, akapokewa na wamisionari Wakatoliki wa Bukumbi karibu na Mwanza.

Stanley alipopita Usambiro mwaka 1889 pamoja na Emin Pasha, alikuta karakana iliyojaa zana, wahunzi wakishughulikia boila ya boti ya mvuke, mtumbwi mkubwa ukikarabatiwa na magogo yakipasuliwa mbao. Alimshauri Mackay aende Ulaya kupumzika, lakini Mackay alikataa kuacha kituo kabla ya kupata wa kumrithi. Alikuwa hajarudi kwao kwa miaka 13.

Alifariki kwa homa tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Boti ya mvuke ilikuwa bado haijakamilika.

Kumbukumbu

Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishwa kutoka Usambiro na kuzikwa Namirembe, Kampala. Shule ya Mackay Memorial huko Nateete ina jina lake.

Mackay alikuwa amesisitiza kwamba biashara ya watumwa na mizigo ya vichwani haitakoma bila reli ya kutoka pwani hadi ziwani. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928.