Maisha ya Tabibu Robert Koch, na Papasi wa Njia ya Morogoro

Zamani palikuwa na njia kuu ya misafara iliyotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ikikata nchi ya Wazaramo, ambayo leo ni wilaya za Kisarawe na Kibaha, na kuvuka mto Ruvu. Wapagazi walipita na mizigo vichwani, na giza lilipoingia walijinyosha juu ya mavumbi ya vibanda vya njiani. Baada ya siku chache wengine walishikwa na homa kali. Homa ikawaacha, wakadhani wamepona. Kisha ikarudi, tena na tena. Mwaka 1905 akaja mtu mmoja, akayachunguza mavumbi ya vibanda vile. Habari za mtu huyu twapenda kuwasimulia mwezi huu, wema wake na ubaya wake pia, maana maisha ya mtu mkuu yakisimuliwa nusu hayamfundishi mtu.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, nchi ya milima na machimbo. Akasoma utabibu katika chuo cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mwaka 1872 akawekwa kuwa tabibu wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Hapo hakuwa na chuo wala wakuu wa elimu karibu naye. Alikuwa na hadubini, wagonjwa wake, na udadisi usiochoka.

Katika wilaya ile kondoo na ng'ombe walikuwa wakifa kwa kimeta. Wafugaji walistaajabu kwa nini malisho fulani yaliua wanyama mwaka baada ya mwaka, hata yakiisha kuachwa muda mrefu. Koch akatazama damu ya wanyama waliokufa, akaona vijidudu kama vijiti. Akavilea, akavifuata, akaona ya kuwa hali ikiwa mbaya hujigeuza kuwa mbegu ngumu, na mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi bila kufa, zikimngoja mnyama atakayekuja kula majani. Mwaka 1876 akawaonyesha wataalamu kazi yake, wakakubali. Tangu hapo swali lake likawa hili: ugonjwa huu hukaa wapi wakati haumo ndani ya mtu wala mnyama?

Serikali ikamwita Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa Ulaya, nao wengi walidhani ni urithi wa ukoo tu. Mwaka 1883 akapelekwa Misri, kisha Bara Hindi, kuchunguza kipindupindu. Huko Calcutta alikikuta kijidudu chake katika maji ya bwawa ambamo watu walioga, wakafua nguo za wagonjwa, na kuteka maji ya kunywa. Mwaka 1892 kipindupindu kikaingia Hamburg, kikaua watu zaidi ya 8,000. Lakini mji wa Altona, uliopakana nao na kunywa maji ya mto ule ule, uliokoka kwa sehemu kubwa, kwa sababu maji yake yalichujwa kwanza kwa mchanga. Hakuna mahubiri ya afya yaliyo wazi kupita hayo.

Hata hivyo sifa nyingi zina hatari yake. Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu iitwayo tuberkulini, naye mwanzoni alificha jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa matumaini makubwa. Dawa haikuponya, na wengine walizidiwa wakafa. Baadaye ilifaa kwa kazi nyingine, yaani kupima kama mtu ameambukizwa. Lakini wale waliokuwa wameitumainia hawakurudi.

Sasa tuje katika nchi yetu. Koch alifika Dar es Salaam mara ya kwanza mwaka 1897, akachunguza malaria. Mwaka 1905 akarudi, nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani. Ndio mwaka vita vya Maji Maji vilipozuka, basi tusisahau kwamba alifanya kazi yake chini ya serikali iliyotawala kwa nguvu. Katika njia ya Morogoro alitafuta asili ya ile homa irudiayo, akawakuta papasi.

Papasi ni kupe, lakini si kama kupe wa ng'ombe agandaye ngozini siku nyingi. Mchana hujificha katika mavumbi ya sakafu na nyufa za ukuta wa udongo, mahali pakavu. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni kabla hajaamka. Aweza kukaa miaka bila chakula. Koch alipowapasua aliona ndani yao vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama uzi uliosokotwa, ndivyo viletavyo homa. Akaona tena ya kuwa vijidudu hivyo huingia hata katika mayai ya papasi, hivyo watoto wake huzaliwa na sumu ya mama yao. Kibanda kikishapata papasi, chaweza kubaki na ugonjwa vizazi vingi vya papasi.

Hakuwa peke yake katika kazi hii. Katika Kongo ya mashariki matabibu Dutton na Todd waliligundua jambo lilo hilo. Wote wawili waliugua homa hiyo, na Dutton akafa huko Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Koch aliona pia kwamba wenyeji walioumwa na papasi tangu utoto walikuwa na nguvu ya kuihimili homa, bali wageni walianguka. Akawashauri wasafiri wasilale ndani ya vibanda vya zamani wala karibu navyo. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, ikipita Pugu, Soga na Ruvu, wasafiri wakaviacha vile vibanda, na papasi wake wakakosa wageni.

Mwisho wa mwaka 1905 Koch akapewa tuzo ya Nobel. Kama safari yake ingeishia hapo, tungemaliza kwa sifa. Lakini mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese katika ziwa Viktoria, Uganda, ambako ugonjwa wa malale, uletwao na mbung'o, ulikuwa ukiua watu wengi mno. Alikusanya wagonjwa kambini, akawapiga sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya zarniki. Homa ilishuka, lakini ugonjwa ulirudi. Naye akazidisha kipimo. Wagonjwa wakapata maumivu makali, wengine wakatoroka, na zaidi ya 20 wakapofuka macho wasione tena. Mtu aliyejua kukitazama kijidudu kwa uvumilivu wa ajabu hakumtazama mgonjwa kwa uvumilivu ule ule. Watu wale walikuja kwake kutafuta uzima. Wakahesabiwa kama sehemu ya jaribio. Majina yao hayakuwekwa katika vitabu vya sifa, bali Mungu anayajua.

Koch alirudi Ulaya mwaka 1907, akafa kwa ugonjwa wa moyo huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Basi, ndugu, tujifunze nini? Kwanza, magonjwa mengi yana makao yake nje ya mwili: udongoni, majini, ukutani, mavumbini. Ayapendaye maisha ya watoto wake na ayatafute makao hayo. Katika kitabu cha Walawi mlango wa 14 twasoma jinsi kuhani alivyoamriwa kuikagua nyumba yenye pigo, kuta zikakwanguliwa na udongo ukatupwa nje ya mji. Homa ya papasi haijaisha Tanzania. Huko Dodoma iliendelea kuonekana muda mrefu baada ya njia za misafara kufa, nayo huwadhuru hasa wajawazito na watoto wachanga. Tuzibe nyufa, tusakafu nyumba, tulale juu ya vitanda. Na homa ikirudi baada ya kuacha, twende hospitali, damu ipimwe. Dawa ipo, nayo huponya.

Pili, elimu ni kipawa cha Mungu, lakini elimu isiyo na upendo huweza kumpofusha mtu akidhani inamponya. Kanisa letu lina matabibu na wauguzi. Vijana wetu wa Kisarawe na Kibaha nao husomea kazi hiyo. Tuwaombee wawe na macho mawili: moja la kuona kijidudu, na moja la kumwona ndugu.