Nansen: Aliyewapa pasi watu wasio na nchi

Kila anayevuka mpaka wa Kabanga, Rusumo au Mutukula anajua kuwa afisa wa uhamiaji huanza kwa kuuliza hati. Asiye nayo hurudishwa alikotoka, hata awe mtu mwema namna gani. Hati hiyo hutolewa na serikali. Je, mtu ambaye serikali yake imemkana atapewa na nani?

Swali hilo liliisumbua Ulaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na aliyelipatia jibu ni Fridtjof Nansen wa Norway.

Nansen alizaliwa Oktoba 10, 1861, karibu na mji wa Christiania, ambao siku hizi unaitwa Oslo. Alisomea elimu ya wanyama, lakini sifa zake za kwanza zilitokana na safari za barafuni. Mwaka 1888, yeye na wenzake watano walikatiza kisiwa cha Greenland kwa miguu na mbao za kutelezea theluji. Mwaka 1893 aliondoka na meli yake, Fram, akaiacha kwa makusudi igandishwe na barafu ili isukumwe na mkondo kuelekea Ncha ya Kaskazini ya dunia. Hakufika kwenye ncha yenyewe, ila aliporejea mwaka 1896 alikuwa amefika kaskazini zaidi ya binadamu yeyote aliyejulikana hadi wakati huo.

Norway ilipojitenga na Sweden mwaka 1905, Nansen alikuwa miongoni mwa waliopigania jambo hilo, na kati ya mwaka 1906 na 1908 aliiwakilisha nchi yake mjini London.

Mwaka 1920, Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, lilimkabidhi kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita. Vita vilikuwa vimekwisha tangu mwaka 1918, lakini maelfu kwa maelfu walikuwa bado wamekwama Urusi na Ulaya ya Kati, kwa kuwa serikali nyingi hazikutaka kuzungumza na Wabolsheviki. Nansen alizungumza na pande zote. Hadi mwaka 1922, wafungwa zaidi ya 400,000 walikuwa wamefika makwao.

Mwaka 1921 njaa kali iliikumba Urusi. Nansen aliziomba serikali za Ulaya mkopo wa kununulia chakula, zikakataa zikihofia kwamba msaada huo ungewaimarisha wakomunisti. Yeye alishikilia kwamba mwenye njaa hawezi kuadhibiwa kwa makosa ya watawala wake, akaendelea kuchangisha kwa watu binafsi. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922, fedha zake alizitoa kwa kazi za misaada.

Mwaka huohuo wa 1921 alikuwa ameteuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Kirusi. Utawala mpya wa Urusi ulikuwa umewavua uraia raia wake wengi waliokimbilia nje. Watu hao hawakuweza kufuata kazi ng'ambo ya mpaka, wala kuwafuata ndugu zao. Julai 1922, katika mkutano wa Geneva, Nansen alizishawishi serikali zikubali cheti maalumu, ambacho watu walikiita pasi ya Nansen.

Cheti hicho kilikuwa na upungufu. Hakikumpa mtu uraia, wala hakikuilazimisha nchi yoyote kumpokea. Mwanzoni hakikumhakikishia hata kurudi katika nchi iliyompa. Hata hivyo, kilimwezesha mwenyewe kuonyesha yeye ni nani. Mwaka 1924 Waarmenia nao walianza kukipata, na hatimaye serikali zaidi ya 50 zilikitambua. Mwanamuziki Igor Stravinsky na mchoraji Marc Chagall ni miongoni mwa waliokitumia.

Lipo doa katika kazi yake. Baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki, Nansen aliunga mkono mpango wa nchi hizo kubadilishana watu, uliotiwa saini Lausanne Januari 1923. Wakristo zaidi ya milioni moja na Waislamu laki kadhaa walihesabiwa kuwa wa upande wa pili kwa dini yao tu, hata kama hawakuijua lugha ya huko. Wanaomtetea wanasema wengi walikwishakimbia na walihitaji ardhi. Hoja hiyo ina uzito, lakini mpango huo uliwafungia njia ya kurudi hata waliotaka kurudi.

Nansen alifariki dunia Mei 13, 1930. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 ulizitaka nchi kuwapa wakimbizi hati za kusafiria, na mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza kuwa mkimbizi arudi kwao kwa hiari yake. Lausanne haikuwa imewapa watu hiari hiyo.

Tuzo yenye jina lake ilimfikia Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1983, na Marguerite Barankitse wa Burundi mwaka 2005. Nchi zao zinapakana, na wengi waliorejea makwao katika ukanda huu walivuka mpaka huo wakiwa na karatasi ya ukimbizi mkononi. Desturi ya mkimbizi kupewa karatasi itakayotambuliwa ng'ambo ya mpaka ilianzia kwenye cheti kile cha Geneva.