Denis Burkitt na mtoto wa Jinja

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliombwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt hakuwa na jibu. Majuma machache baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alitupia jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule.

Na jicho lenyewe lilikuwa moja tu. Mzaliwa huyo wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1911, alipoteza jicho lingine akiwa na umri wa miaka 11. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia kazi Lira. Hivyo siku ile ya Jinja alikuwa ameshapasua wagonjwa wa nchi hiyo kwa takriban miaka 11.

Alipopekua kumbukumbu za Mulago aligundua kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wamelazwa humo miaka yote. Ugonjwa haukufichika. Kila mtaalamu aliupa jina la kiungo alichokiona kimevimba, iwe taya, figo au ini, na hakuna aliyeviunganisha.

Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958. Kisha akachapisha vipeperushi vipatavyo 1,000 vyenye picha, akavituma kwa madaktari wa serikali na wa misheni barani Afrika. Oktoba 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu hadi Afrika Kusini na kurudi, majuma kumi, hospitali zaidi ya 50. Walionyesha picha, wakauliza. Madaktari wa hospitali ndogo walijifunza dalili. Naye Burkitt alijifunza kwao mahali ugonjwa ulipo na mahali usipokuwapo.

Ramani ilidhihirika: karibu na ikweta, saratani hiyo ilikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi. Mbale, kwenye mita kama 1,100, iko chini ya mpaka huo. Vijiji vya juu vya Mlima Elgon viko juu yake. Baadaye ilithibitika kwamba malaria inahusika, pamoja na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein na wenzake, baada ya Epstein kumsikiliza Burkitt akihutubia London.

Kisu hakikuwaponya watoto, na Uganda haikuwa na tiba ya mionzi. Burkitt akajaribu dawa zilizotoka ng'ambo, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache tu. Lakini uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Muuguzi wa wilayani asiyetambua meno ya mtoto yaliyolegea humpotezea muda usiorudi.

Kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo leo hufunza wataalamu wa Afrika Mashariki. Burkitt alikuwa amekwisha kurejea Uingereza. Alifariki mwaka 1993.